Likizo Yangu Nilimpa Adui Yangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya meza ya bosi wangu, karatasi ya njano mkononi. Nilikuwa nimeingia kumvaa mzima mzima. Nikatoka sijasema nilichokwenda kusema.

Leo nitawaambia kwa nini sikusema. Nitawaambia na nilichofanya badala ya kusema. Dada yangu amesoma sehemu iliyopita akanipigia simu: "Acha basi, mwenzetu, unajianika."

Acha nijianike. Kazi yangu ni nguo, najua kuanika.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mtunza boila, mtambo wa kuchemsha maji ya mvuke, katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali. Wenzangu huniita Mama Mvuke. Bosi, ambaye ndiye mwenye kiwanda, tulimpa jina la Dakika Moja, kwa sababu kila ukifunga begi uende nyumbani alitokea mlangoni akasema, "Dakika moja tu, mama." Dakika yake ilikuwa na saa nne ndani.

Miaka sita nilimpa dakika hizo. Binti yangu aling'oka meno ya utotoni nikiwa kwenye boila. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akajifunza kusuka nywele za mtoto kwa vidole vyake vilivyoungua, kwa sababu vyangu havikuwepo.

Kisha mama yangu akaugua.

Simu zetu za mkononi tulikuwa tukizifungia kabatini mpaka tutoke kazini, amri ya bosi. Kwa hiyo kaka yangu akapiga simu ya ofisini, mara tatu siku moja. Dada wa mapokezi akaandika kwenye karatasi ya njano: *Mama yake anamwita. Aje leo.* Akampelekea bosi.

Bosi akaisoma. Akaitia kwenye droo. Akaja kwenye boila akaniambia, "Dakika moja tu, mama. Kuna vitambaa vya meza mia mbili, hoteli wanavitaka kesho."

Usiku nilipotoa simu kabatini ndipo nilipoona kaka amenitafuta. Kesho yake nilipofika kwa mama, walikuwa wameshamfunika uso.

Miezi minne baadaye dada wa mapokezi aliacha kazi. Siku anaondoka alinivuta nyuma ya vikaushio, akanipa ile karatasi huku analia. Aliiokota kwenye droo siku alipoagizwa kuisafisha. Ndiyo niliyoingia nayo ofisini.

Sasa tuendelee.

"Afadhali umekuja," bosi alisema kabla sijafungua kinywa. Meza yake ilikuwa imejaa kadi nyeupe zenye utepe. "Binti yangu anaolewa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtoto wangu wa pekee, mama! Shika, kadi yako hii."

Nikaishika.

"Ila nimekupa kwa heshima tu," akacheka. "Siku hiyo wewe ndiye unayebaki na boila. Hospitali hawana sikukuu."

Pale pale ile hasira iliyokuwa inachemka ikatulia tuli. Ilipata pa kwenda.

Karatasi ya njano nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Hongera sana, bosi," nikasema. "Usiwe na wasiwasi kabisa."

Hiyo ndiyo sababu sikuitaja karatasi. Niliona mtu aliyenizuia nisimwone mama yangu ana siku yake moja tu ya kumwona mwanawe akiolewa. Nikasema, na wewe utaonja.

Mpango wenyewe haukuhitaji akili nyingi. Boila haliruhusiwi kuwaka bila mtu mwenye cheti kukaa nalo. Mkaguzi alishatufungia siku tisa kwa kosa hilo, na aliapa kwamba kosa la pili ni kufuli la moja kwa moja. Kiwanda kizima wenye vyeti tulikuwa wawili: mimi na Dakika Moja.

Nikijitoa mimi, anabaki yeye.

Fomu ya likizo nilikuwa sijawahi kuigusa tangu niajiriwe. Nikaijaza kwa herufi kubwa zinazosomeka hata na mtoto: jina, siku moja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikaichomeka katikati ya hati za kupokelea mashuka. Bosi husaini hati Ijumaa akiwa anatembea, simu sikioni.

Alisaini. Kalamu haikusita hata kidogo juu ya jina langu.

Naomba mlielewe hili vizuri, maana kuna watakaosema nilighushi. Sikughushi. Nilimpa asome, hakusoma.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa asali. Nilifika wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Nilimuuliza habari za ukumbi, habari za keki, habari za wakwe. Alinijibu kama mtu aliyekosa wa kumwambia. Akaleta suti yake mpya, ya rangi ya majivu, akaniuliza nani amnyooshee.

"Mimi mwenyewe," nikasema.

Niliinyoosha kwa mkono wangu. Nilitia mvuke, nikapitisha pasi, nikarudia. Mkunjo wa suruali ukasimama kama wembe. Na kila nilipopitisha pasi nilisema kimoyomoyo: hutaivaa. Hutaivaa. Hutaivaa.

Nilikuwa na furaha. Sijawahi kumwambia mtu, lakini furaha ya namna ile sikuwa nimeipata tangu mama afe.

Ijumaa jioni mume wangu aliniuliza, huku anamkausha mtoto nywele, "Kesho unatoka saa ngapi?"

Ningeweza kumwambia: kesho nina likizo. Siku nzima. Ya kwanza.

"Niko kazini," nikasema.

"Hata kesho?"

"Hospitali hawana sikukuu."

Nilisikia sauti ya bosi ikitoka kinywani mwangu. Mume wangu alinitazama kidogo, akaendelea na taulo. Mtoto hakugeuka kabisa. Alishazoea.

Jumamosi, bosi huwa anafungua mwenyewe na kuwasha boila, mimi nafika saa mbili. Siku hiyo saa mbili ilinikuta kwenye mgahawa, mitaa miwili kutoka ukumbini, nimevaa gauni langu la kijani, nakunywa chai. Simu ilikuwa mezani mbele yangu. Ikaanza kuita.

Niliiacha iite mara kumi na nne. Ya kumi na tano nikapokea.

"Uko wapi?"

"Likizo, bosi."

"Likizo gani?"

"Uliyonisainia. Nimekubandikia nakala nyuma ya mlango wa chumba cha boila. Nenda kaangalie."

Nikasikia viatu vyake vinakwenda. Nikasikia karatasi ikibanduliwa. Nyuma yake boila lilikuwa linaunguruma, presha imeshapanda, na toroli za mashuka ya hospitali zimepanga foleni.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "leo naoza."

"Najua. Hongera."

"Nakuomba. Njoo, dakika moja tu—"

Neno lile. Nililingoja wiki zote tatu alitamke akiwa amepiga magoti. Sikumkatia. Niliilaza simu juu ya meza ikiwa bado inaongea, nikamalizia chai yangu taratibu.

Ingekuwa ninyi, mngekwenda nyumbani. Mngemchukua mtoto, mkawashangaza waume zenu. Mimi nilikwenda harusini. Nilitaka kukiona kiti chake kikiwa kitupu. Nilitaka kumwona binti yake akitazama mlango kama mama alivyotazama mlango akinisubiri. Ndiyo, nililitaka hilo. Binti wa watu hakunikosea chochote, na bado nililitaka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikapenya mpaka meza za mbele, nikakaa mahali ninapoiona meza kuu vizuri.

Nikahesabu viti. Bibi harusi. Bwana harusi. Wazazi wawili wa bwana harusi. Mama wa bibi harusi.

Vitano. Na vyote vina watu.

Nikahesabu tena. Hakukuwa na kiti kitupu.

Mama wa bibi harusi alipopita kusalimia wageni nilishindwa kujizuia. "Shikamoo, mama. Hongera. Na baba wa bibi harusi anakaa wapi?"

"Marahaba. Baba yake?" Alitabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama. "Hatukumwekea."

"Hamkumwekea?"

"Alisema atakuja. Alisema hivyo siku mtoto alipovunjika mguu. Alisema hivyo mahafali. Mwanangu ndiye aliyeniambia, 'Mama, usiweke kiti, picha zitatoka vibaya.' Mjomba wake ndiye aliyemsindikiza."

Nilijisikia kama mtu aliyepiga teke mlango kwa nguvu zake zote, kumbe ulikuwa wazi. Wiki tatu za njama! Nilikuwa nimemnyang'anya binti kitu ambacho hakuwahi kukitarajia.

"Samahani, wewe ni nani vile?"

"Nafanya kazi kiwandani. Niko boila."

Akanishika mkono. "Wewe ndiye Mama Mvuke?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu!" Akaanza kucheka, kisha nikaona machozi. "Miaka sita nakuchukia, mwenzangu. Kila nikimuuliza mume wangu yuko wapi, ananijibu, 'Niko na Mama Mvuke.' Nikajua huo mvuke una mambo yake. Kumbe na wewe ni mfungwa tu!"

Nikacheka naye. Lakini kichwani nilimwona mume wangu mwenyewe akiuliza swali lile lile, na akipewa jibu lile lile.

Ilikuwa inakaribia saa saba mchana mlango wa ukumbi ulipofunguliwa.

Akaingia mtu amevaa ovaroli. Magoti yamelowa maji, mikono myeusi, uso unang'aa jasho. Muziki ukaendelea kidogo, kisha mpiga muziki naye akamwona, akazima.

Dakika Moja alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Baba?" bibi harusi aliita.

Akainuka, akashika gauni kwa mikono miwili, akakimbia katikati ya meza, viatu vimebaki chini ya kiti. Akamrukia shingoni. Gauni jeupe juu ya ovaroli lenye masizi! Wanawake wakapiga kelele, "Gauni! Gauni!" Hakuwasikia. "Umekuja," alikuwa anasema. "Umekuja. Umeacha kazi ukaja."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Watu wazima wakafuta macho. Mama wa bibi harusi akaenda mwenyewe kuleta kiti.

Na mimi nikakaa pale na gauni langu la kijani. Kama angekuja na suti yake akiwa amechelewa, watu wangemnong'ona. Kwa sababu yangu alikuja na uchafu wa kazi mwilini, baba aliyetoroka kazi kwa ajili ya mwanawe. Nilikuwa nimempa adui yangu siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi.

Nilitamani kulia kwa hasira. Kisha akili ikanirudi kwa ghafla.

Boila. Boila linawaka. Nani yuko nalo?

Alikuwa ameshaniona. Alikuja moja kwa moja, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Alinuka sabuni na makaa.

"Gauni limekupendeza," alisema.

"Umemwacha nani na boila?"

"Mumeo."

"Mume wangu?"

"Alikuja saa tano," bosi aliendelea. "Na mtoto. Wamebeba hotpoti, walitaka kula na wewe. Akaniuliza uko wapi. Nikamwambia uko likizo. Akaweka hotpoti chini. Kisha akaniuliza, 'Leo si harusi ya mwanao? Kadi niliiona nyumbani.' Nikamwambia ndiyo. Akatoa pochi, akanionyesha cheti. Daraja la kwanza, na hakijaisha muda. Akasema, 'Nenda. Mimi najua kumkosa mtu mezani kulivyo. Mwanao asikukose.'"

Mimi na mume wangu tulikutana kwenye mafunzo ya boila. Tulikaa dawati moja. Cheti chake ni cha siku ile ile na changu, na kila mwaka hukihuisha ili likitokea la kutokea tusilale njaa. Katika mahesabu yangu yote ya wiki tatu, nilihesabu mkaguzi, nikahesabu sheria, nikahesabu toroli. Mume wangu nilimsahau.

"Mtoto wako naye aliuliza kitu," bosi akasema. "Aliuliza, kama mama hayupo hapa na hayupo nyumbani, huwa yuko wapi?"

"Nyamaza."

"Nikamwambia—"

"Nimesema nyamaza!" Nikafungua begi, nikaitoa ile karatasi ya njano, nikaikandamiza juu ya meza mbele yake. "Hii unaijua?"

Aliiangalia. Akaivuta karibu kwa kidole kimoja.

"Naijua."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ulijua anakufa?"

"Nilijua ungeondoka," alisema polepole. "Niliwaza vitambaa. Naapa, mama, kichwani mwangu kulikuwa na vitambaa tu."

"Aliniita mpaka sauti ikakatika. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anamdanganya, 'Yuko njiani, mama, yuko njiani.'"

Akainamisha kichwa. "Nikikuomba msamaha utanisamehe?"

"Hapana."

"Basi sikuombi. Ningekuomba kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe."

Hilo lilinikera kuliko kama angeomba. Nilikuja na hasira ya kumtosha mtu wa kubishana, na mtu mwenyewe habishani.

Akaingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa shada la funguo. Nalijua shada lile: lango, ofisi, stoo, chumba cha boila. Akaliweka juu ya karatasi ya njano.

"Jumatatu siji," alisema. "Wala Jumanne. Mwanangu amenishika shingo leo kama ana miaka mitano, na miaka mitano yenyewe siikumbuki. Kiwanda kinataka msimamizi. Hakuna anayekijua kuliko wewe. Ofisi yangu, kiti changu, kila kitu."

"Unanihonga?"

"Hapana."

"Unanikomoa?"

Alifikiri kwa kweli. "Sijui," alisema. "Labda."

Nilizitazama zile funguo. Kiti chake! Mara ngapi nilikuwa nimejiona nimekaa pale, yeye amesimama mlangoni ananiomba ruhusa? Nikazichukua. Zilikuwa nzito na za moto kutokana na mwili wake.

Simu ikaita kwenye begi. Mume wangu.

Nisiwadanganye, nimeahidi kujianika. Niliitazama ile simu, nikazitazama funguo, kidole chenyewe kikakata simu. Nikamgeukia bosi.

"Nataka mkataba wa maandishi," nikasema. "Na Jumatatu uwe mezani."

Bosi alikuwa ameona kidole changu. Alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli, ambayo sikuwahi kuiona machoni pake.

"Utaiweza hii kazi," alisema.

Nikaisukuma simu ndani ya begi.

Simu ikaita tena. Safari hii ilikuwa namba ya ofisi ya kiwanda. Nikapokea haraka, simu ikanigonga jino.

"Mama?" Alikuwa binti yangu.

"Ndiyo, mwanangu. Mko salama?"

"Mashuka ya hospitali yameisha. Baba ameshazima moto." Alikuwa anasema kama mtu anayerudia kitu alichokaririshwa. "Baba anauliza, tukusubiri au tuondoke?"

"Muondoke kwenda wapi?"

"Hajaniambia. Alisema ni jambo la kukushangaza. Lakini hiyo ilikuwa asubuhi, kabla hatujafika hapa. Sasa haongei. Masanduku yamo kwenye gari."

Nikasimama. Bosi naye akasimama. Mke wake alikuwa ananitazama kutoka meza kuu.

"Masanduku ya nani, mwanangu?"

"La baba na langu."

"Na langu?" nikauliza. "Langu limo?"

"Asubuhi lilikuwemo," akasema. "Subiri nikaangalie."

Nikasikia akilaza simu mezani. Nikasikia miguu yake midogo ikikimbia kwenye sakafu ya kiwanda, ikipita vikaushio, ikipita toroli, mpaka ikatoka nje.